Namna ya Kuichimbua Maana ya Kitenzi cha Kigiriki cha Kale "thelgo"

Kitenzi θέλγω, ambacho kwa herufi zetu huandikwa thelgo, hufafanuliwa katika kamusi nyingi kwa maana mbili zilizowekwa bega kwa bega: kuloga na kudanganya. Msomaji anayekutana nacho kwa mara ya kwanza katika Iliad na Odyssey, tenzi mbili za Homer, hujiona amelazimika kuchagua mojawapo kila anapokiona, na mara nyingi huchagua ile inayoipendeza sentensi ya Kiswahili, si ile inayodaiwa na Kigiriki. Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi, wafasiri na wasomaji wengine wanaozijua herufi za Kigiriki na sarufi ya mwanzo, na unaonyesha jinsi ya kuifuata maana ya kitenzi hiki mstari kwa mstari. Rai yangu niiweke mezani mapema: katika Homer, thelgo kina kazi moja tu, nayo ni kumwondolea mtu mamlaka juu ya akili, moyo au macho yake, hata akasahau au akashindwa kutenda alilokusudia. Uongo ni chombo kimojawapo cha kazi hiyo, kama zilivyo dawa, nyimbo na fimbo.

Anza na maumbo ya kitenzi

Huwezi kukusanya mifano ya kitenzi usichokitambua kinapobadilika sura. Shina ni thelg-. Likikutana na s ya wakati ujao au ya wakati uliopita, g na s huungana kuwa x, ndiyo maana tunapata thelxo, "nitaloga", na ethelxa, "niliroga". Katika hali ya kutendwa, g hugeuka kuwa ch mbele ya th, nasi tunapata ethelchthes, "ulilogwa". Lipo pia umbo thelgeske, lenye kiungo -sk- kinachoonyesha tendo lililorudiwarudiwa, sawa na sisi tunaposema "alikuwa akimrubuni mara kwa mara". Kiambishi kata- kikitangulia huzidisha nguvu ya tendo, kama katika katethelxe, "aliwaloga kabisa".

Mtego mmoja uwe macho nao. Homer ana ruhusa ya kuiacha e- ya mwanzo inayoashiria wakati uliopita, kwa hiyo neno thelge laweza kuwa "alikuwa akiloga" au amri, "loga". Katika Iliad 12.255 ni la kwanza, ambapo Zeus alikuwa akiipumbaza akili ya Waakea, yaani Wagiriki. Katika Odyssey 14.387 ni la pili, tena lenye kukanusha. Muktadha pekee ndio unaoamua.

Kuhusu matamshi, θ ya enzi hizo haikuwa ile ya "thelathini", bali t iliyotoka na pumzi. Msemaji wa Kimvita, anayetofautisha paa wa mwituni na paa la nyumba kwa pumzi hiyohiyo kwenye p, hatahitaji maelezo zaidi. Wengine watasamehewa wakitamka th ya kawaida.

Tumia kamusi kama ramani

Kamusi kubwa ya Liddell na Scott, iliyotoka kwanza mwaka 1843 na kurekebishwa sana na Henry Stuart Jones, inapatikana bure mtandaoni kupitia Perseus Digital Library ya Chuo Kikuu cha Tufts na Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago. Fungua ingizo la kitenzi hiki, lakini usiridhike na maneno ya tafsiri. Thamani ya ingizo iko katika marejeo: kila namba inayofuata jina la utenzi ni mlango wa kuingilia. Namba ya kwanza ni ya kitabu, ya pili ni ya mstari. Nakili marejeo yote ya Homer kwenye karatasi, kisha funga kamusi na usiifungue tena mpaka umalize kusoma mistari yenyewe, kwa sababu mgawanyo wa maana unaouona humo ni uamuzi wa mtunga kamusi, nao waweza kukupofusha kabla hujaanza.

Ongeza pia majina yaliyozaliwa na kitenzi hiki, hasa thelkterion, yaani kitu chenye uwezo wa kuloga. Mshipi wa Aphrodite katika Iliad 14.215 umejaa thelkteria, na mshairi anazitaja: mapenzi, shauku, mazungumzo ya faragha, na ushawishi unaoiba akili hata za wenye busara. Penelope, mke wa Odysseus shujaa wa Odyssey, naye akimwomba mwimbaji Phemius abadili wimbo katika Odyssey 1.337, anamwambia kwamba anajua thelkteria nyingine nyingi za wanadamu, akimaanisha nyimbo tu. Ukiweka mahali hapa pawili karibu, tayari unaona kwamba neno hili halijali kama chombo ni cha kiuganga au la.

Uulize kila mstari maswali manne

Kwa kila rejeo andika majibu haya: nani anayetenda, kwa chombo gani, sehemu gani ya mtu inayoguswa, na nini kinachofuata. Swali la pili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na sarufi ya Kigiriki hukurahisishia kazi kwa kuwa chombo kwa kawaida huwekwa katika uhusika wa kupewa, ambao Kiswahili huutafsiri kwa neno "kwa". Tafuta nomino hiyo karibu na kitenzi. Ikiwepo, imekwisha kukuambia ulogaji huo ni wa namna gani; isipokuwepo, usiiongeze kichwani mwako.

Tuanze na mfano usio na utata. Katika kitabu cha 10 cha Odyssey, nyumba ya Circe imezungukwa na mbwamwitu na simba ambao, badala ya kurarua, wanawatikisia wageni mikia kama mbwa wanavyomshangilia bwana wao anaporudi kutoka karamuni. Mshairi anasema Circe alikuwa amewaloga (katethelxe) baada ya kuwapa dawa mbaya. Kisha wenzake Odysseus wanaandaliwa jibini, unga wa shayiri, asali na divai ya Pramnos, vyote vimechanganywa na dawa "ili waisahau kabisa nchi ya baba zao", na baada ya kula wanapigwa fimbo na kuwa nguruwe. Msomaji wa Dar es Salaam atasema hapa papo kwa hapo: limbwata. Hatakosea sana. Lakini aangalie mstari wa 240, unaosema kwamba akili zao zilibaki zilezile. Mwili umegeuzwa, na kabla ya hapo kumbukumbu ya nyumbani ndiyo iliyolengwa. Odysseus alipokunywa naye asidhurike, kwa sababu Hermes alikwisha kumpa mmea uitwao moly, wenye mzizi mweusi na ua jeupe kama maziwa, Circe anashangaa: "umekunywa dawa hizi, na hukulogwa" (ethelchthes, 10.326). Hakuna anayeweza kutafsiri hapa "hukudanganywa". Chombo ni dawa, matokeo yaliyotarajiwa ni kusahau.

Sasa toka kwa mchawi nenda vitani. Katika Iliad 13.435, mungu Poseidon analoga macho yanayong'aa ya Alcathous, mpiganaji wa Troya, na kumfunga viungo vyake, hata asiweze kukimbia wala kukwepa. Anasimama tuli kama nguzo au mti mrefu wenye majani, na Idomeneus anamchoma mkuki katikati ya kifua. Hapa hapana dawa, hapana wimbo, wala neno lolote linalosemwa. Alcathous haamini jambo la uongo. Ameshindwa tu kuvitumia viungo vyake. Katika 15.322, Apollo anaitikisa ngao ya kutisha mbele ya nyuso za Wadanai (jina jingine la Wagiriki) na kupiga ukelele, naye anailoga mioyo vifuani mwao, "wakausahau ushujaa wao". Mistari ya aina hii husahaulika na wanaodai kwamba thelgo ni kudanganya, kwa kuwa hakuna aliyedanganywa.

Kusahau huko kunajitokeza tena mahali tofauti kabisa. Calypso, mungu wa kike anayemzuia Odysseus kisiwani mwake, katika Odyssey 1.56 na 57 humloga Odysseus kila mara kwa maneno laini yenye kurubuni, "ili aisahau Ithaca". Sireni, viumbe wa kike wenye kuimba, katika kitabu cha 12 huwaloga watu wote wanaowafikia, na Circe anaeleza matokeo kwa kumtaja mke na watoto wadogo ambao hawatasimama tena kumlaki anayerudi nyumbani. Fimbo ya Hermes huyaloga macho ya wanaume na kuyalaza, au kuwaamsha waliolala. Dawa, maneno, sauti na fimbo ni vyombo vinne vilivyo mbalimbali, lakini swali la nne hupata jibu la jamaa moja katika zote: mtu anapoteza kile kilichokuwa kikimwongoza.

Mahali penye udanganyifu

Hapa pana utajiri, na hapa ndipo wafasiri wengi huteleza. Chukua Iliad 21.276. Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, anakaribia kuzama katika mto Scamander na anamlaumu mama yake kwamba alimloga "kwa uongo", kwa sababu Thetis alimwambia angekufa kwa mishale ya Apollo chini ya ukuta wa Troya, naye sasa anaona atakufa majini kama mtoto mchunga nguruwe. Angalia kwamba neno "kwa uongo" (pseudessin) limetajwa waziwazi. Lau kitenzi chenyewe kingebeba maana ya kudanganya, nomino hiyo ingekuwa ya ziada. (Isitoshe, Thetis hakusema uongo, Achilles hakufa mtoni.) Vivyo hivyo mwishoni mwa kitabu hichohicho, Apollo anajigeuza mfano wa Agenor na kukimbia mbele kidogo ya Achilles, akimloga "kwa hila" (doloi, 21.604), huku Achilles akitumaini kila hatua kwamba atamshika. Hila imetajwa tena kando ya kitenzi.

Penelope katika kitabu cha 18 anatoa mfano mwembamba zaidi. Anawahimiza wachumba walete zawadi kama desturi inavyotaka, na Odysseus, aliyejibanza katika sura ya ombaomba, anafurahi kwa kuwa mkewe "alikuwa akivuta zawadi kutoka kwao na kuiloga mioyo yao kwa maneno matamu, bali akili yake ilikuwa na nia nyingine". Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ushahidi wenyewe. Mshairi analazimika kuongeza kishazi kizima kueleza kwamba nia ya Penelope haikulingana na maneno yake, maana kitenzi thelge peke yake kisingetujulisha hilo.

Upo mstari mmoja unaoipinga rai yangu kwa nguvu kuliko mingine, na si haki kuuficha. Katika Odyssey 16.194 na 195, Telemachus anamwona baba yake aliyegeuzwa ghafla na Athena kutoka mzee mchafu hadi mwanamume mwenye nguo safi na ndevu nyeusi, naye anakataa: "Wewe si Odysseus baba yangu, bali pepo fulani ananiloga, ili nizidi kulia na kuomboleza." Chombo hakikutajwa, na hofu ya Telemachus ni kwamba anaonyeshwa kitu kisicho kweli. Wanaotafsiri "ananidanganya" hapa wana hoja. Mimi nasoma hivi: Athena amekwisha kumgusa Odysseus kwa fimbo ya dhahabu mistari michache nyuma, na kinachomtatiza kijana ni alichokiona kwa macho, kwa hiyo tumo katika jamii ya macho yaliyologwa, kama ya Alcathous na ya wale wanaolazwa na Hermes. Kiswahili kina neno linaloingia hapa bila kusukumwa, nalo ni kiini macho. "Pepo ananifanyia kiini macho" hushika uganga na udanganyifu kwa pamoja pasipo kumlazimisha msomaji achague.

Aegisthus naye asipitwe. Nestor anasimulia katika kitabu cha 3 kwamba Wagiriki walipokuwa wakitaabika Troya, mtu huyu aliketi kwa raha pembeni mwa Argos akimloga mke wa Agamemnon kwa maneno, na kitenzi kiko katika umbo la thelgeske, la kurudiarudia. Mwanzoni Clytemnestra alikataa, kwa maana alikuwa na akili njema na alikuwa amewekewa mwimbaji wa kumlinda. Ni baada ya mwimbaji huyo kuchukuliwa na kutelekezwa katika kisiwa kisicho na watu, awe chakula cha ndege, ndipo mke huyo alipokubali. Thelgein (yaani kulitenda tendo hili) kwa maneno, basi, huchukua muda na huweza kupingwa, jambo ambalo dawa za Circe hazikulipa nafasi. Inafaa kulikumbuka unapochagua kati ya kuloga na kurubuni.

Tenganisha kitenzi hiki na jirani zake

Wasomaji wa Biblia wamezoea swali la Paulo katika Wagalatia 3:1, "ni nani aliyewaloga", na wengi hudhani kitenzi ni hiki. Sicho. Paulo ametumia baskaino, ambacho asili ya matumizi yake iko katika husuda na jicho baya, na thelgo hakimo kabisa katika Agano Jipya. Kwa msomaji wa pwani tofauti hii ni rahisi kuishika: baskaino ni kazi ya hasidi mwenye kijicho, ilhali anayefanya thelgein mara nyingi hana chuki yoyote na anayelogwa. Calypso alimpenda Odysseus.

Apatao ndicho kitenzi cha kawaida cha kudanganya, na hakina uganga ndani yake. Goeteuo ni cha mchawi wa kazi, na baadaye kilichukua harufu ya utapeli. Keleo ni cha kupendezwa na sauti au masimulizi hadi kunyamaza, kama Wafeasia, wenyeji waliomkaribisha Odysseus, walivyonyamaza ukumbini katika kitabu cha 11 Odysseus alipokatiza hadithi yake. Kiko karibu sana na thelgo, na Circe mwenyewe huvichanganya anapomwambia Odysseus kwamba ana akili "isiyologeka", akitumia neno la mzizi wa keleo mistari mitatu tu baada ya kutumia ethelchthes.

Soma kidogo baada ya Homer

Mahali pawili patakutosha. Gorgias wa Leontini, aliyefika Athens mwaka 427 K.K., aliandika hotuba ya kumtetea Helen, na humo anasema kwamba nguvu ya maneno ya uganga, ikikutana na dhana za nafsi, huiloga, huishawishi na kuigeuza kwa uchawi. Vitenzi vitatu vimepangwa kwa mfuatano, na cha kwanza ni chetu. Kuloga na kushawishi havikuwa kitu kimoja hata kwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuviunganisha.

Pa pili ni katika Eumenides ya Aeschylus, iliyochezwa mwaka 458 K.K. Athena anajaribu kuwatuliza miungu wa kisasi waliokasirishwa na hukumu ya kesi ya Orestes, na anautaja utamu wa ulimi wake kuwa thelkterion. Anawaahidi makao na heshima katika mji wake, na ahadi hizo ni za kweli. Katika mstari wa 900 kiongozi wao anajibu: "Yaelekea utaniloga, nami naiacha hasira." Anayelogwa anajua analogwa, anasema hivyo kwa kinywa chake, na anakubali. Ukiweka "utanidanganya" mahali hapa, umeuharibu mwisho wa tamthilia nzima.

Kuchagua neno la Kiswahili

Hatuna kitenzi kimoja kitakachofaa kila mahali, na sioni haya kutumia vitatu au vinne. Kwa Circe ni kuloga, bila kusita. Kwa Calypso na Aegisthus ni kurubuni, kwa kuwa maneno matamu yametajwa na kazi inachukua muda. Kwa miungu vitani ni kupumbaza, kwa macho na kwa moyo. Kulaghai na kuhadaa ningeviepuka karibu kila mahali, kwa sababu vinamhukumu mtendaji kabla mshairi hajamhukumu, na pale ambapo Homer anataka hukumu hiyo huiongeza mwenyewe kwa neno la uongo au la hila, ambalo mfasiri atalipata tayari katika sentensi.

Kuna mahali pawili, hata hivyo, ambapo ni lazima neno liwe lilelile. Katika kitabu cha 14, mchunga nguruwe Eumaeus anamkaribisha ombaomba ambaye hajui kwamba ni bwana wake, na anapoambiwa kuwa Odysseus yu karibu kurudi, anakataa kusadiki: "Usijipendekeze kwangu kwa uongo, wala usinithelge." Amekwisha kudanganywa na msafiri mmoja kutoka Aetolia, hataki tena. Vitabu vitatu mbele, Eumaeus huyohuyo anamsimulia Penelope habari za mgeni aliyekaa naye usiku tatu na mchana tatu kibandani, na anasema kwamba kama mtu anavyomkodolea macho mwimbaji aliyefundishwa na miungu, akitaka asikilize bila kukoma, ndivyo mgeni huyo "alivyonithelga" alipoketi karibu naye (17.521). Alilolikataza limempata, na sasa analitaja kwa sifa.

Tafsiri inayoandika "usinidanganye" kwanza na "alinifurahisha" baadaye huondoa kejeli yote iliyo hapa. Neno litakalosimama pande zote mbili ni kuteka akili, kwa kuwa lina shutuma likiwa katika amri na lina sifa likiwa katika simulizi: "wala usiniteke akili" katika 14.387, na "ndivyo alivyoniteka akili" katika 17.521.